Jana tulijitolea kukagua mabomu ya wakubwa, leo tunakaguliwa sisi

Ndugu msomaji, maneno haya niliyatoa mbele ya vijana wenzangu wa Magomeni, Jumapili alasiri, wengi wakisikiliza kwa kusimama maana viti vya kukodi vilikuwa vichache kuliko watu. Mhariri amenipa nafasi niyaandike kwa ajili yako ambaye hukuwepo. Sikuyapamba.

Tuanze na kijiwe. Kila kijiwe cha mji huu, kuanzia Mapipa hadi Mwembechai, kuanzia Usalama hadi Kariakoo, likitajwa bomu la nyuklia watu hugawanyika kama Simba na Yanga. Wako wa Iran, wako wa Marekani, wako wa Urusi, na hakosekani mmoja wa Korea Kaskazini ambaye hana hoja ila anapenda ubishi. Tunashabikia ugomvi wa watu kana kwamba tumekaa jukwaani na tiketi mkononi. La hasha! Sisi tumo uwanjani, tena tumo tangu zamani, na kuna wakati filimbi ya refa tulitaka kuishika sisi.

Nirudi nyuma kidogo. Juni 1968, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Nchi 95 zilisema ndiyo. Zilizosema hapana zilikuwa nne tu: Albania, Cuba, Zambia na Tanzania. Ndiyo, hii hii Tanzania yetu, iliyokuwa haijatimiza hata miaka saba ya uhuru. Ubaya wa mkataba ule haukuhitaji miwani kuuona. Nchi tano zenye mabomu zinabaki nayo kwa ahadi kwamba siku moja zitayapunguza. Zisizo nayo zinaapa kutoyagusa milele. Ni sawa na mabaunsa watano wenye mapanga kuutangazia mtaa mzima kwamba kuanzia leo ni marufuku mtu mwingine kununua panga.

Lakini kusema hapana ni kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuja mwaka 1984.

Mei 22 mwaka huo viongozi sita wa mabara matano walitoa tamko la pamoja. Walikuwa Raúl Alfonsín wa Argentina, Indira Gandhi wa India, Miguel de la Madrid wa Mexico, Olof Palme wa Sweden, Andreas Papandreou wa Ugiriki, na Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania. Waliwataka wenye mabomu wasimamishe kuyajaribu, kuyatengeneza na kuyasambaza, kisha waanze kuyapunguza. Wakati ule Marekani ya Reagan na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zimenuniana vibaya. Mazungumzo ya makombora ya Ulaya yalikuwa yamevunjika tangu Novemba 1983. Wakubwa hawasemezani, na wadogo sita wanaingilia kati!

Hata hivyo msidhani wale sita walikuwa malaika watupu. India ilikuwa imekwisha kulipua chake mwaka 1974, ikakiita cha amani, na mwaka 1998 ikalipua vingine bila kukiita cha amani tena. Siasa ndivyo ilivyo. Vilevile damu ilimwagika humo humo: Indira aliuawa Oktoba 1984 na mwanawe Rajiv akachukua nafasi, Palme akapigwa risasi mtaani Stockholm Februari 1986. Kundi halikuvunjika. Walikutana New Delhi Januari 1985, na Agosti 1986 wakakutana Ixtapa, huko Mexico. Mwalimu alikuwa amekwisha kung'atuka urais mwaka uliotangulia, lakini Ixtapa alikwenda.

Ixtapa ndiko kwenye utamu wa habari hii, kwa hiyo nivumilieni.

Kwa miaka mingi Marekani na Urusi walikuwa wakibishana jambo moja. Kila mmoja alisema yuko tayari kuacha kulipua mabomu ya majaribio, ila mwenzake ataiba. Bomu likilipuliwa chini ya ardhi, ardhi inatikisika. Tetemeko la asili nalo linatikisa ardhi. Bomu likiwa dogo, aliye mbali atajuaje kama ni bomu au ni tetemeko? Agosti 1985 Gorbachev alisimamisha majaribio peke yake, akamwomba Reagan naye asimamishe. Reagan akakataa. Washington ilisema bado inahitaji majaribio, na tena haina njia ya uhakika ya kumkagua Mrusi.

Sasa fikiria drafti inachezwa pale kijiweni, na kuna fedha imewekwa mezani. Mmoja anainuka kwenda kujisaidia. Akirudi anadai kete zake zimesogezwa. Mwenzake anaapa kwa mama yake mzazi kwamba hakugusa kitu. Je, ugomvi huo utauamua kwa kuwahubiria waaminiane? Hata mkikesha! Wanaamuliwa na yule mtazamaji wa tatu aliyekuwa amekaa pembeni na macho yake kwenye ubao, ambaye hana kete wala fedha mezani. Akina mama wanaocheza upatu wanaelewa hili kuliko sisi. Hawachangi kwa sababu wanapendana wote. Wanachanga kwa sababu yuko kijumbe, na kijumbe ana daftari, na daftari mwenye shaka analiona.

Basi wale sita walichojitolea Ixtapa ni hicho hicho. Walisema: nyinyi wawili simamisheni majaribio, sisi tutaleta wataalamu na vyombo vya kupimia mitetemo, tutavifunga kwenye viwanja vyenu vya majaribio huko Nevada na huko Semipalatinsk, na tutatoa taarifa. Hawakusema aminianeni. Walisema mtazamaji ni sisi, na ubao tuwekeeni hapa.

Je, walikubaliwa? Marekani haikutaka. Mrusi alirudi kulipua Februari 1987. Mtu wa haraka atasema yalikuwa maneno ya bure ya wazee wanaopenda mikutano. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka huo huo wa 1986 wanasayansi wa Marekani, kwa makubaliano yao wenyewe na chuo cha sayansi cha Urusi, walifunga vyombo karibu na Semipalatinsk, kumbe inawezekana. Desemba 1987 Reagan na Gorbachev walisaini mkataba wa makombora ya masafa ya kati, na kwa mara ya kwanza wakaguzi wa kila upande wakaingia kwenye viwanda na kambi za mwenzake. Makombora 2,692 yakaharibiwa hadi mwaka 1991. Reagan alikuwa na methali ya Kirusi aliyopenda kuirudia mbele ya Gorbachev hadi ikamkera: amini, lakini kagua. Kwa maoni yangu nusu ya kwanza ya methali ile ni ya adabu tu. Kazi yote ilifanywa na nusu ya pili.

Na yule mtazamaji wa pembeni alikuja kuzaliwa kweli. Septemba 1996 ulifunguliwa mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Hadi leo naandika haujaanza kutumika kisheria kwa sababu baadhi ya wakubwa wamegoma kuuridhia, lakini vyombo vyake vinafanya kazi. Mtandao mzima umepangiwa vituo 321 duniani, vya kusikiliza ardhi, bahari na anga, na 80 kati ya hivyo ni vya kunusa hewa. Kimoja cha kunusa hewa kiko Dar es Salaam. Namba yake ni RN64. Mashine inavuta hewa saa 24, vumbi linanaswa kwenye kichujio, kichujio kinaachwa kitulie, kisha kinapimwa kama kina chembe za mionzi ambazo zinaweza kuonyesha kwamba mtu amelipua bomu, na matokeo yanatumwa Vienna. Hewa hii hii unayoivuta wewe ukisubiri mwendokasi Magomeni ni ushahidi wa kimataifa. Fizikia mimi niliiacha kidato cha nne, lakini hili nimelielewa, na wewe umelielewa.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi, wa makaburu. Mji huu ndio uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963; wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipita hapa na wakaishi kwetu. Wakati sisi tunawapa vyakula na kambi, Pretoria ilikuwa inatengeneza mabomu ya nyuklia kwa siri. Yalikamilika sita, na la saba lilikuwa njiani. Hebu jiulize yalikuwa yanamsubiri nani, kama siyo sisi wa Nchi za Mstari wa Mbele na marafiki zetu.

Mwaka 1990 makaburu walianza kulegea. Wakasema watasaini ule mkataba wa 1968 iwapo na majirani zao watausaini. Hapo palikuwa na mtihani. Sisi tuliokuwa tumepiga kura ya hapana, tuliousema kwa miaka zaidi ya 20, tumeze maneno yetu ili adui avue silaha? Na adui mwenyewe ni kaburu, ambaye neno lake halikuwa na thamani ya karanga! Zambia iliingia Mei 1991. Tanzania ikaingia mwishoni mwa mwezi huo huo. Julai 10, 1991 Afrika Kusini nayo ikaingia. Machi 24, 1993 de Klerk akasimama bungeni akakiri kwamba mabomu sita yalikuwepo na kwamba yamekwisha kuvunjwa.

Nani angemwamini? Hakuna aliyetakiwa amwamini. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lile la Vienna, walifungua vitabu vya kiwanda, wakahesabu urani iliyoingia na iliyotoka, wakatazama mashimo ya majaribio kule jangwani Kalahari. Hesabu ndiyo iliyomsafisha kaburu. Na mkataba wa Afrika nzima wa kukataa silaha za nyuklia, uliosainiwa Cairo Aprili 1996, ukapewa jina la mahali pale pale palipokuwa na utafiti wake: Pelindaba. Kwa Kizulu jina hilo hufasiriwa kuwa mazungumzo yamekwisha. Waafrika nao wana utani wao.

Iran nitaipitia upesi, maana kijiweni mnaijua kuliko mimi. Julai 2015 walikubaliana na wakubwa sita kwamba urani wasiirutubishe kupita asilimia 3.67, na wakaguzi waingie. Wakaguzi waliingia, wakaripoti kwamba masharti yanafuatwa. Mei 2018 Trump akachana mkataba. Iran nayo ikaanza kupanda hadi asilimia 60, na bomu linahitaji kama 90. Juni 2025 Israel kisha Marekani zikashusha mabomu, na mwezi uliofuata Iran ikasimamisha ushirikiano na wakaguzi. Daftari likifungwa, watu wanarudi kwenye ngumi.

Sasa tuje nyumbani, na hapa ndipo panaponiuma.

Mwaka 2012 Ulaya na Marekani zilikuwa zimeibana Iran kwa vikwazo vya mafuta kwa sababu ya nyuklia hiyo hiyo. Meli za mafuta za Iran zikahitaji kujificha. Zikabadilisha majina, zikabadilisha bendera. Mkatafute bendera iliyokuwa inapepea juu yake! Mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Kikwete barua akilalamika kwamba meli za Iran zinatumia bendera ya Tanzania. Yaani habari za bendera yetu tuliletewa na mbunge wa watu.

Mwanzoni tulisikia kukanusha. Kisha Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, Bernard Membe, akasema serikali imeziomba Marekani na Ulaya zisaidie kuchunguza asili ya meli hizo. Mwishowe ikabainika kuwa meli zaidi ya 30 zilikuwa zimeandikishwa kupitia mamlaka ya usafiri wa baharini ya Zanzibar, na aliyeziandikisha ni wakala aliyekaa Dubai. Wakala akafukuzwa, meli zikafutwa.

Tulia uitafakari habari hiyo, msomaji. Nchi ambayo mwaka 1986 ilijitolea kwenda kuchungulia mashimo ya Nevada, mwaka 2012 inamwomba mwenye Nevada aje kuisaidia kujua ni meli za nani zimevaa bendera yake. Bendera ilikodishwa kama turubai la harusi, na mwenye turubai hajui limefungwa kwa nani.

Ungedhani tulijifunza. Januari 2018 serikali ilisitisha kwa muda uandikishaji wa meli za kigeni, kwa sababu meli zenye bendera yetu zilikuwa zimekamatwa, moja na dawa za kulevya na nyingine huko Ugiriki ikiwa na shehena ya vilipuzi vinavyopelekwa Libya. Na kabla ya hapo, Septemba 2017, jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa linalofuatilia vikwazo vya Korea Kaskazini liliitaja Tanzania kwamba kampuni ya Korea ilikuwa na mkataba wa euro milioni 10.5 wa kukarabati makombora yetu ya kutungulia ndege na rada. (Siyo ile rada ya chenji mnayoijua, hii nyingine.) Mimi sisemi jeshi lisitengeneze silaha zake. Makombora yale ni ya zamani, ya Kirusi, na fundi wake hapatikani kila kona. Nasema hivi: Mtanzania anayelipa kodi pale Kariakoo alisoma habari hiyo kutoka New York.

Mtaniuliza, inamhusu nini mlalahoi wa Magomeni? Waulizeni waliokuwa na akaunti FBME. Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani iliitaja benki hiyo, iliyoandikishwa hapa Tanzania na kufanya biashara yake kubwa Cyprus, kwamba inapitisha fedha chafu, na miongoni mwa wateja waliotajwa ilikuwamo kampuni ya kivuli ya taasisi ya Syria iliyowekewa vikwazo kwa shughuli za silaha za maangamizi. Mei 2017 Benki Kuu ikaifutia leseni. Mwenye akiba yake hapa mjini, ambaye Syria anaisikia redioni tu, akaambiwa kinga ya amana ni hadi shilingi milioni moja na nusu. Iliyozidi asubiri ufilisi. Vikwazo vya nyuklia na silaha haviji kwetu na ndege za kivita. Vinakuja na karatasi, na anayeumia ni wa dirisha la mwisho.

Na sasa iko Namtumbo. Kule Ruvuma, kwenye Mto Mkuju, kuna urani. Mradi ni wa kampuni ya Mantra, na nyuma yake yupo Rosatom, shirika la serikali ya Urusi, lililoununua mwaka 2011. Mwaka 2012 mpaka wa pori la Selous ulirekebishwa ili mradi upite. 2013 leseni ikatoka. Bei ya urani ikaanguka na mradi ukalala. Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio. Mei 2024 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuzuia urani iliyorutubishwa ya Kirusi isiingie kwake. Mnauona uwanja? Wale wale wawili wa mwaka 1984 wamenuniana tena, na safari hii mchanga wanaougombea ni wetu.

Simkatai Mrusi kwa sababu ni Mrusi, wala nisingemkubali Mmarekani kwa sababu ya sura. Kwa wakaguzi wa Vienna tumekwisha kusaini. Tangu 2005 wana haki ya kuja kutazama vitabu vyetu. Swali langu ni kwa nini mtu wa Vienna ana haki ya kutazama vitabu ambavyo kijana wa Namtumbo na wa Magomeni hajawahi kuonyeshwa hata jalada lake. Sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi ya mwaka 2015 inataka mikataba ichapishwe. Sheria ya mwaka 2017 inalipa Bunge mamlaka ya kuitazama mikataba ya maliasili na kudai masharti mabovu yarekebishwe. Siyo sheria za upinzani, zilipitishwa na wabunge wa chama tawala wenyewe, kwa makofi na vigelegele. Mbunge wako akija kuomba kura, mwache amalize habari za visima, kisha mwambie akutajie ukurasa wa mkataba wa Mkuju alioupenda zaidi.

Baada ya hapo yakaja maswali. Nitaandika moja, la kijana anayebeba mizigo Kariakoo. Aliuliza: hiyo urani ikipita mjini kwetu, itatuua?

Nilimjibu kwamba kinachotoka mgodini siyo bomu. Ni unga wanaouita keki ya njano, na ndani yake ile aina inayowaka ni kama asilimia 0.7 tu, hadi iwe bomu inahitaji viwanda vikubwa ambavyo hatuna. Mionzi yake ni midogo. Hatari ni vumbi lake likiingia mapafuni au tumboni, kwa hiyo hufungwa kwenye mapipa ya chuma na mapipa hupangwa ndani ya kontena. Wenzetu wa Malawi walichimba yao Kayelekera tangu 2009 hadi 2014, wakaipeleka kwa barabara kupitia Zambia hadi bandari ya Walvis Bay, Namibia.

"Kwa hiyo ni mapipa," akasema, na watu wakacheka kwa sababu tulikuwa Magomeni Mapipa. Yeye hakucheka. "Sasa nani atayahesabu yakitoka Namtumbo, na nani atayahesabu yakifika bandarini, na hesabu mbili hizo zitabandikwa wapi?"

Nikamwambia wa kuhesabu kwa sheria ni Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye ofisi Arusha. Wapi zitabandikwa, swali hilo nimeliandika kwenye barua na nimeipeleka Arusha kwa jina langu.